Frances Perkins na mlango uliofungwa

Msimu unapofika, uwe wa pamba au wa miwa, kiwanda hubadilika. Malori hupanga foleni getini, zamu huongezwa, na msimamizi huanza kuhesabu dakika. Mashine ikikwama, hakuna anayetaka izimwe. Mtu huingiza mkono huku inazunguka ili kazi isilale. Wasikilizaji wetu waliowahi kufanya kibarua kwenye kinu cha pamba, kwenye korona ya mkonge au kwenye karasha la mawe ya dhahabu hawahitaji kuelezwa zaidi. Kazi lazima iende. Lakini mkono ukikatika, nani analipa?

Swali hilo ni la zamani, na leo tunawasimulia maisha ya mtu aliyelibeba kwa zaidi ya miaka 50. Jina lake ni Frances Perkins, raia wa Marekani, Waziri wa Kazi wa nchi hiyo kuanzia 1933 hadi 1945, na mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Marekani. Kwao ni mtu anayejulikana sana. Jengo la Wizara ya Kazi mjini Washington linaitwa kwa jina lake. Hakuwahi kufanya kazi ya mashine hata siku moja. Pamoja na hayo, wachache wamefanya mengi kama yeye kuhakikisha anayekwenda kazini asubuhi anarudi nyumbani jioni akiwa mzima.

Binti wa mwenye duka

Frances alizaliwa mjini Boston tarehe 10 Aprili 1880, akakulia Worcester, katika jimbo la Massachusetts. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Fannie Coralie. La Frances alijichagulia mwenyewe ukubwani. Baba yake alikuwa na duka la karatasi na vifaa vya kuandikia, na nyumbani hawakupungukiwa. Katika nyumba kama hizo za wakati ule, watu wengi waliamini kwamba maskini amejitakia umaskini wake, kwa uvivu au kwa pombe. Binti huyu alikua akisikia hivyo.

Aliyemfungua macho ni mwalimu. Katika chuo cha wanawake cha Mount Holyoke, Frances alisoma fizikia na kemia, lakini alichukua pia somo la historia ya uchumi. Mwalimu wa somo hilo aliwatoa wanafunzi darasani akawapeleka kwenye viwanda vya mji wa jirani, waone kwa macho yao na kuandika walichokiona. Frances aliwakuta huko wanawake na watoto wakifanya kazi kwa saa nyingi mno, mashine zikiwa hazina kinga. Aligundua jambo ambalo hakulisikia nyumbani kwao: familia ya watu wachapakazi, wasiokunywa, inaweza kuanguka kwenye umaskini kwa siku moja tu, baba akikatwa vidole na mashine. Hakukuwa na fidia wala matibabu. Mtu alirudi nyumbani na mkono uliofungwa bandeji, na nafasi yake ikachukuliwa kesho yake.

Alihitimu mwaka 1902, akawa mwalimu. Alipokuwa akifundisha karibu na jiji la Chicago, siku za mapumziko alikwenda kujitolea Hull House, nyumba maarufu iliyowahudumia wahamiaji maskini. Mojawapo ya kazi alizotumwa ilikuwa kwenda kwa waajiri kudai mishahara ya watu waliofanyishwa kazi wakanyimwa haki yao. Baadaye alihamia Philadelphia, akachunguza mawakala wa ajira na nyumba za kulala wageni zilizowanasa wasichana waliotoka vijijini na nchi za nje kutafuta kazi mjini. Mwaka 1910 alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na mwaka huohuo akapewa uongozi wa ofisi ya New York ya Umoja wa Wanunuzi, chama kilichowataka wananchi waangalie bidhaa wanazonunua zimetengenezwa katika mazingira gani. Alianza na maduka ya mikate. Mengi yalikuwa chini ya ardhi, kwenye vyumba vya giza visivyopitisha hewa.

Jumamosi ya tarehe 25 Machi 1911

Siku hiyo Frances alikuwa amealikwa chai kwa rafiki yake, karibu na uwanja wa Washington Square. Jioni ikaingia, zikasikika kengele za magari ya zimamoto. Akatoka mbio pamoja na wengine kuelekea kulikokuwa na moshi.

Ulikuwa unawaka moto katika kiwanda cha Triangle, kilichoshona blauzi za wanawake. Kiwanda kilikuwa kwenye ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10 za jengo refu, na siku hiyo kilikuwa na wafanyakazi wapatao 500. Wengi wao walikuwa wasichana wa Kiyahudi na wa Kiitaliano, familia zao zimefika Marekani miaka michache tu nyuma. Baadhi walikuwa na umri wa miaka 14.

Moto ulianza saa 10:40 jioni, watu wakijiandaa kutoka, katika ghorofa ya 8, chini ya meza za kukatia vitambaa. Chini ya meza hizo kulikuwa na mapipa ya mbao yenye vipande vilivyobaki. Vipande havikutupwa, kwa sababu viliuzwa; na mnunuzi alikuwa amekuja kuvizoa mara ya mwisho mwezi Januari. Cheche moja ikatosha.

Watu wa ghorofa ya 10, wakiwemo wenye kiwanda, walipigiwa simu wakakimbilia juu ya paa. Ghorofa ya 9 haikupata taarifa mpaka moto ulipoingia madirishani. Humo kulikuwa na milango miwili ya ngazi. Mmoja ulishika moto upesi. Wa pili ulikuwa umefungwa kwa ufunguo.

Hapa tunawaomba wasikilizaji wetu watulie kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha habari yote. Mlango ule haukufungwa na mtu aliyetaka kuua. Kilichotakiwa ni wafanyakazi wote watokee mlango mmoja, mikoba yao ipekuliwe, asitoke mtu na kipande cha kitambaa wala blauzi. Wapo waliosema pia ulizuia watu kutoka toka katikati ya kazi. Kwa mwenye mali zilikuwa sababu za kawaida kabisa: wizi upungue, kazi isisimame. Kila siku mlango ule ulipofungwa na moto usitokee, ulionekana ni uamuzi wa busara.

Ngazi ya chuma ya nje ilikuwa nyembamba. Ikapinda na kuanguka na watu juu yake. Waendesha lifti walipanda na kushuka kuokoa watu mpaka lifti zikashindwa kwenda. Ngazi za zimamoto ziliishia ghorofa ya 6. Waliobaki ghorofa ya 9 wakaanza kuruka madirishani, wengine wakiwa wameshikana mikono. Frances Perkins alikuwa amesimama chini, akiwaona.

Walikufa watu 146. Jengo lenyewe halikuanguka, kwani lilijengwa kwa vifaa visivyoungua, na mpaka leo lipo. Kilichokosekana ni njia ya watu kutoka.

Wenye kiwanda walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na mwezi Desemba mwaka huo wakaachiwa huru, kwa kuwa haikuthibitika kwamba wao wenyewe walijua mlango umefungwa saa ile. Bima iliwalipa hasara ya mali zao. Familia zilizofungua madai ziliambulia dola 75 kwa kila marehemu, tena miaka mitatu baada ya msiba. Mwaka 1913 mmoja wa wenye kiwanda alikamatwa tena kwa kosa la kufunga mlango wakati wa kazi, katika kiwanda kingine. Akatozwa faini ya dola 20.

Kuwapeleka wakubwa waone

Miaka miwili kabla ya moto, wafanyakazi wa blauzi wa New York walikuwa wamegoma kwa maelfu, wa Triangle wakiwa miongoni mwao. Walidai mishahara, saa za kazi na usalama. Viwanda vingi vilikubali baadhi ya madai, lakini Triangle ilikataa kukitambua chama chao. Kwa hiyo hatari ilijulikana na ilikuwa imesemwa. Frances alijifunza hapo kwamba kusema peke yake hakutoshi.

Baada ya moto wananchi waliunda kamati ya usalama, naye akawa katibu wake mtendaji. Jimbo la New York nalo likaunda tume ya kuchunguza viwanda, ikiongozwa na wabunge wawili wa jimbo hilo, Robert Wagner na Alfred Smith. Wote wawili walitoka familia za kawaida, ila walikuwa wanasiasa wa chama, watu wa hesabu za kura. Frances aliisaidia tume kama mtaalamu na mchunguzi, na njia yake ilikuwa ileile ya mwalimu wake wa chuoni: wapeleke waone.

Alimwamsha Smith alfajiri, wakaenda kusimama nje ya kiwanda cha kamba, wakawaona mamia ya wanawake wakitoka zamu ya usiku ya saa 10, wamechoka, wanakwenda nyumbani kupikia watoto. Alimpeleka Wagner kwenye kiwanda ambacho kilisema kina njia ya dharura, akamtaka aijaribu mwenyewe. Njia ilikuwa tundu dogo ukutani, na nje yake ngazi ya chuma iliyojaa barafu, isiyofika chini. Kwenye viwanda vya kusindika mboga waliwakuta watoto wa miaka mitano, sita na saba wakichambua maharage mapema asubuhi. Kuanzia hapo wanasiasa wale hawakuhitaji tena kubembelezwa.

Kati ya 1911 na 1915 jimbo la New York lilipitisha sheria zaidi ya 30 za kazi. Milango isifungwe kwa ufunguo wakati wa kazi. Mazoezi ya kukimbia moto yafanyike. Majengo marefu ya viwanda yawe na mabomba ya kunyunyiza maji darini. Takataka ziwekwe kwenye mapipa yasiyoungua na ziondolewe. Idadi ya watu katika kila ghorofa ilingane na njia za kutokea. Wenye viwanda na wenye majengo walilalamika sana. Walisema gharama zitawafilisi, na kwamba biashara itahamia majimbo mengine. Biashara ya nguo iliendelea New York kwa miongo mingi baada ya hapo.

Hoja ya Frances na wenzake inafaa kuelezwa vizuri, kwa sababu bado inatumika. Mwajiri mmoja akiamua peke yake kuweka kinga kwenye mashine na kupunguza saa, bidhaa yake inaweza kupanda bei, na jirani yake asiyejali akamshinda sokoni. Kwa hiyo kumwomba kila mwajiri awe na huruma hakufiki mbali, maana mwema ndiye anayeadhibiwa. Sheria ikiwabana wote kwa kipimo kimoja, na mkaguzi akifika kweli, mwajiri mwema hapati hasara kwa wema wake.

Nusu ya mkate

Lakini Frances hakuwa mtu wa yote au sivyo basi. Mwaka 1912 alikuwa akipigania muswada wa kuzuia wanawake na vijana kufanyishwa kazi zaidi ya saa 54 kwa wiki. Wapinzani walicheza mchezo. Waliukubali muswada wenye kasoro moja: wanawake wa viwanda vya kusindika mboga na matunda waachwe nje. Walijua kwamba chama chake kilikuwa kimekataza kuwaacha hao. Walitegemea atakataa, na muswada ufe mikononi mwake mwenyewe.

Ilibidi aamue palepale. Akikataa, wanawake wapatao 400,000 wataendelea bila ulinzi wowote. Akikubali, wapatao 50,000 wataachwa, nao ni wale wanaoteseka zaidi msimu wa mavuno unapofika. Alikubali. Kura zilikuwa pungufu, na mwanasiasa mmoja aliyemuunga mkono, Tim Sullivan, alikuwa ameshapanda meli ya kurudi nyumbani pamoja na ndugu yake. Wakapigiwa simu bandarini, wakarudi mbio, muswada ukapita. Aliogopa kwamba mkuu wa chama chake angemlaumu. Badala yake alipongezwa.

Je, alifanya sawa? Wapo watakaosema hakuwa na haki ya kuuza 50,000. Sisi tunaona kwamba ukweli unaouma ni mwingine: waliowekwa pembeni walikuwa wa kazi ya msimu, ambako matunda huoza yasiposindikwa, na hoja ya kwamba mali inaoza ikapewa uzito kuliko mwili wa mtu. Hoja hiyo hata sisi tunaijua.

Serikalini

Mwaka 1913 Frances aliolewa na mchumi Paul Wilson, akaendelea kutumia jina lake la kuzaliwa, jambo lililozua maneno. Walijaliwa binti mmoja mwaka 1916. Muda mfupi baadaye mume alianza kuugua maradhi ya akili, akawa anaingia na kutoka hospitalini maisha yake yote. Frances akawa ndiye mlezi na mtafutaji wa familia. Mambo hayo hakuyatangaza. Alizungumza kidogo sana kuhusu nyumba yake mpaka alipokufa.

Alfred Smith alipokuwa gavana wa New York alimteua mwaka 1919 kuwa mmoja wa makamishna wa kazi za viwandani wa jimbo. Franklin Roosevelt alipomrithi ugavana mwaka 1929, alimfanya mkuu wa idara yote ya kazi ya jimbo. Na Roosevelt alipochaguliwa kuwa rais, alimwita awe Waziri wa Kazi wa taifa.

Frances alikwenda kumwona akiwa na orodha mkononi. Kima cha chini cha mshahara. Ukomo wa saa za kazi. Mwisho wa ajira ya watoto. Fidia kwa walioumia. Malipo kwa waliokosa kazi. Pensheni kwa wazee. Bima ya afya. Alimweleza kwamba akikubali uwaziri atayafanyia kazi hayo, na kama rais hayataki, atafute mtu mwingine. Roosevelt akakubali. Ulikuwa mwaka 1933, uchumi umeanguka, karibu robo ya wafanyakazi wa Marekani hawana kazi. Wakati kama huo mtu hupokea kazi yoyote, ya hatari yoyote. Huo nao ni msukumo, mzito kuliko wa msimamizi.

Mwaka 1934 wizara yake ilianzisha kitengo cha viwango vya kazi, cha kusaidia majimbo kufunza wakaguzi na kuzuia ajali. Mwaka huohuo Marekani ilijiunga na Shirika la Kazi Duniani, jambo ambalo Frances alilisukuma kwa bidii. Ndilo shirika ambalo Tanganyika ilijiunga nalo mwaka 1962, muda mfupi baada ya uhuru. Mwaka 1935 ilipitishwa sheria ya hifadhi ya jamii, iliyoandaliwa na kamati aliyoiongoza. Mwaka 1938 ikaja sheria ya viwango vya haki vya kazi: kima cha chini cha senti 25 kwa saa, malipo ya ziada kwa saa za ziada, ukomo uliopangwa kushuka hatua kwa hatua mpaka saa 40 kwa wiki, na marufuku ya kuajiri watoto katika kazi nyingi. Katika orodha yake, kubwa lililobaki ni bima ya afya.

Vumbi

Kuna kisa kimoja cha miaka hiyo ambacho wachimbaji wetu wanapaswa kukijua. Mwaka 1930 lilianza kuchimbwa handaki refu chini ya mlima huko Gauley Bridge, jimbo la West Virginia, ili kupitisha maji ya kuzalisha umeme. Mwamba uliokutwa ulikuwa na silika nyingi, yaani madini yaleyale yaliyomo kwenye jiwe jeupe la kwatsi. Njia salama ni kutoboa huku ukimwaga maji, vumbi lisipae. Lakini kwa haraka ya kazi, mashine zilitoboa mwamba mkavu, na wafanyakazi hawakupewa barakoa. Wengi wao walikuwa Wamarekani weusi waliotoka mbali kutafuta kibarua. Walitoka handakini weupe kwa vumbi. Mamia walikufa kwa maradhi ya mapafu, wengine ndani ya miezi michache.

Habari ziliponguruma bungeni mwaka 1936, Frances Perkins aliitisha mkutano wa kitaifa kuhusu maradhi hayo, akawakutanisha waajiri, vyama vya wafanyakazi, madaktari na wahandisi. Walichokubaliana kilikuwa cha kawaida sana: maji wakati wa kutoboa, feni za kuvuta vumbi, vipimo vya mapafu, na fidia kwa waliougua. Kila aliyesimama karibu na karasha kavu akaona vumbi linavyoganda kwenye nyusi anajua tunasema nini. Maradhi hayo hayana dawa ya kuyaponya. Kinga yake ni maji na hewa.

Waliosahaulika, na vita

Tusimpambe kupita kiasi. Sheria ya 1935 na ile ya 1938 ziliwaacha nje vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa nyumbani. Kamati ya Frances ilikuwa imependekeza hifadhi ya jamii iwe pana zaidi, lakini serikali na bunge waliipunguza. Walioumia kwa uamuzi huo zaidi ya wengine ni watu weusi wa majimbo ya kusini, ambao wengi walifanya kazi hizo hasa. Vibarua wa mashambani walianza kuingizwa katika hifadhi ya jamii miaka ya 1950 tu. Mkulima na kibarua wake walikuwa wa mwisho kukumbukwa, na si Marekani peke yake.

Mwaka 1939 baadhi ya wabunge walitaka ashtakiwe na kuondolewa madarakani, kwa sababu alikataa kumfukuza nchini kiongozi mmoja wa makuli wa bandarini bila ushahidi wa kutosha. Bunge halikukubali. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili, na ule msukumo wa uzalishaji ukawa na jina jipya, uzalendo. Meli, ndege na risasi zilitakiwa jana. Wengi walidai sheria ya saa 40 iwekwe kando. Frances alishikilia kwamba watu wanaweza kufanya kazi zaidi ya hapo, lakini saa za ziada zilipwe, na ulinzi usiondolewe. Alikuwa na pa kusimamia. Katika Vita Kuu ya Kwanza, uchunguzi uliofanywa katika viwanda vya silaha vya Uingereza ulionyesha kwamba kurefusha saa kupita kiasi hakuongezi mali. Mtu aliyechoka hukosea, huharibu, huumia, na saa zilipopunguzwa uzalishaji haukushuka. Sheria ilibaki, na viwanda vya Marekani vilizalisha kuliko wakati wowote kabla yake.

Miaka ya mwisho

Roosevelt alifariki Aprili 1945, na Frances akaacha uwaziri katikati ya mwaka huo. Alikuwa amekaa miaka 12, muda mrefu kuliko Waziri wa Kazi mwingine yeyote wa nchi hiyo. Aliandika kitabu kuhusu Roosevelt, akahudumu katika tume ya utumishi wa umma mpaka 1953, kisha akawa mwalimu tena, katika Chuo Kikuu cha Cornell. Alifundisha mpaka karibu na mwisho. Alifariki New York tarehe 14 Mei 1965, akiwa na miaka 85, akazikwa Newcastle, jimbo la Maine, kwenye asili ya ukoo wao. Miaka mitano baadaye Marekani ilipitisha sheria ya taifa zima ya usalama na afya kazini.

Kwetu nasi sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayohusu viwanda na sehemu nyingine za kazi, na sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008. Kenya ina yake ya mwaka 2007. Ila karatasi haifungui mlango. New York nayo ilikuwa na sheria kabla ya moto, na mlango wa ghorofa ya 9 ulikuwa umefungwa.

Tukiyatazama maisha ya mama huyu, tunaona hakuwahi kuuliza kama kazi iende au isimame. Alijua watu wanahitaji kazi, na alijua kiwanda kisichozalisha hakimlipi mtu. Alichouliza ni nani anabeba gharama ya haraka. Kinga iliyovuliwa kwenye mkanda wa mashine ili usafishaji uwe wepesi, pampu ya maji isiyowashwa ili mafuta yasiishe, geti la nyuma lililofungwa ili mali isiibwe: kila moja kati ya hayo huokoa pesa kidogo za mtu mmoja, na hatari yote humwangukia mwingine asiyeulizwa.

Kwa hiyo mtu wako akienda kibarua msimu huu, mwambie aangalie mambo matatu siku ya kwanza: mlango wa pili uko wapi na unafunguka, mashine inazimwa na nani na kwa swichi ipi, na akiumia taarifa yake inaandikwa wapi. Msimamizi mzuri hataona vibaya kuulizwa hayo. Asiyetaka kuulizwa, ameshakujibu.